Mninga Unaokufa Kila Kiangazi

Siku mliyoniaga mlinipa kitenge, saa ya ukutani na dakika tano za kuzungumza. Dakika zote tano alizimaliza mshereheshaji akitambulisha meza kuu, kisha akaniomba niseme neno moja tu la shukrani kwa sababu chakula kilikuwa kinapoa. Nilisema asante, nikaketi. Yale niliyokuwa nimekusudia kuwaambia ninyi vijana wa kitalu nayaandika hapa nyumbani Samuye, ambako chakula kikipoa ni changu mwenyewe.

Habari za vyeo na mishahara zimo kwenye faili langu, kama panya wa stoo wamebakiza kitu. Mimi nitaeleza habari za mti mmoja, mninga, kwa sababu ndio uliochukua sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi na ndio ulionikosanisha na karibu kila mtu.

Nilifika kwenye bustani yetu ya mimea hapo Shinyanga nikiwa na cheti cha misitu na viatu vya kisigino, nikitegemea kupewa meza. Meza haikuwapo. Nikaelekezwa kitaluni, nyuma kabisa karibu na tangi la maji, kwa Mzee Ngasa, mkuu wa kitalu, ambaye alikuwa amekaa juu ya debe lililopinduliwa. Nilimwamkia, akaitika marahaba bila kuinua macho, akanipa mkasi mzito wa kukatia matawi na kunisogezea gunia la matunda ya mninga. Kama kuna kati yenu ambaye hajawahi kulishika tunda hilo, basi ajue lina umbo la chapati ndogo iliyokauka, na katikati pameota miiba myembamba iliyosongamana kama nywele za brashi ya viatu. Mbegu imejificha humo ndani ya miiba. Ukilipanda tunda lote jinsi lilivyo, utasubiri mpaka uchoke. Lazima ulifungue kwa mkono, moja baada ya jingine, na miiba ile haijali una cheti gani.

Kufikia saa nne vidole vyangu vilikuwa vinatoka damu na mbegu zangu nyingi zilikuwa zimekatika vipande viwili. Mzee Ngasa alikuja akaangalia, akatikisa kichwa.

"Kata pembeni, mayu," akaniambia. "Katikati ndiko aliko mtoto."

Ndivyo alivyokuwa akiniita tangu siku hiyo, mayu, kama Wasukuma wamwitavyo mama, ingawa alikuwa sawa na baba yangu. Hakuwa mtu wa maneno mengi na hakuwa mpole. Aliwahi kunirudisha kubadili udongo wa viriba vyote vya safu nzima, vile vifuko vyeusi vya nailoni, kwa sababu nilijaza mchanga wa mtoni bila kuuchekecha. Lakini kila ninachokijua kuhusu mbegu nilikipata kwake, na hakuna hata kimoja kilichokuwa kwenye cheti changu.

Mbegu zile nilizozipanda mvua za kwanza ziliota vizuri. Miche ilitoa majani, nikaiona mirefu, nikajisifu barua nzima kwa mama yangu. Kiangazi kilipoingia, majani yakawa manjano. Nikaongeza maji. Yakadondoka. Nikaongeza mbolea. Vijiti vikakauka mpaka ukivigusa vinakatika kama njiti ya kiberiti. Kufikia mwezi wa nane safu yangu yote ilikuwa viriba vya udongo mtupu, nami nilijifungia stoo nikalia, nikijua nitafukuzwa kazi.

Mzee Ngasa alinikuta humo. Hakunibembeleza. Alichukua kiriba kimoja, akakichana kwa kisu, akafuta udongo kwa kidole gumba. Ndani mlikuwa na mzizi mnene kama penseli, na alipoukwaruza kwa ukucha ulikuwa mbichi.

Akaniambia haujafa, umeshuka. Akanieleza kwamba mninga mchanga hufanya hivyo kila kiangazi. Juu unakauka kabisa, chini unaendelea kunenepa, na mvua zikirudi unachipua upya kana kwamba hakuna kilichotokea. Unaweza kufanya hivyo miaka mitano, saba, hata zaidi, mpaka siku mzizi utakaporidhika. Hapo ndipo shina litabaki juu na mti utaanza kurefuka. Nilimuuliza mzizi unaridhika lini. Akasema kama angejua hilo asingekuwa amekaa juu ya debe.

Sasa fikirini mti wa namna hiyo ndani ya bustani inayopaswa kuandika taarifa ya maendeleo kila mwaka.

Taarifa yetu, kama mnavyojua, ina sehemu tatu: uhifadhi, elimu na maonyesho. Fomu ya uhifadhi ina safu mbili kwa kila aina ya mmea. Safu ya kwanza ni iliyo hai, ya pili ni iliyokufa. Na hesabu hufanywa kiangazi, kwa sababu barabara zinapitika na wakubwa wanaweza kuja. Kwa hiyo kila mwaka, kwa miaka yangu yote ya kazi, walikuja kukagua mninga wakati ambao hakuna mninga wa kuonekana. Nilisimama mbele ya viriba vitupu nikiwaambia wageni waliovaa miwani ya jua kwamba miche ipo. Mmoja aliniuliza kwa upole kama nimekunywa maji ya kutosha siku hiyo.

Mzee Ngasa alipostaafu, nikakabidhiwa kitalu, na baada ya muda tukaletewa meneja mpya, Bwana Lwitiko. Sitaki mmwone kama mtu mbaya. Alikuwa msafi, anawahi kazini, na hakuwahi kutuibia hata ndoo. Shida yake ilikuwa simu. Kila asubuhi alipigiwa kutoka juu akiulizwa kuhusu kijani. Kwa nini bustani si ya kijani? Hapa ni Shinyanga, mwezi wa tisa hata mbuzi wanatafuta kijani. Lakini Meneja hakuweza kujibu hivyo, basi alituletea ukoka wa kumwagilia usiku na mchana, na kwenye maonyesho ya wakulima akawa anakodi maua ya vyungu kutoka Mwanza. Mwaka mmoja yalipungua akaongezea ya plastiki. Mgeni rasmi aliinama akanusa waridi la plastiki na kulisifu kwa harufu. Tulipata cheti.

Upande wa elimu haukuwa na nafuu. Tuliwahi kuweka vibao vya bati kwenye miti yote, vimechongwa majina ya Kiswahili, ya Kisukuma na ya kitaalamu, kazi ya miezi mitatu. Havikumaliza mwaka. Kimoja nilikiona mnadani kimekuwa kiraka chini ya sufuria, jina la mkwaju linasomeka vizuri kabisa. Nilimuuliza yule mama muuzaji kama anajua kilikotoka, akasema sufuria haivuji, hilo ndilo analolijua.

Lakini yaliyoniuma zaidi yalianzia Segese.

Mbegu zetu bora zilitoka kwenye kundi la mininga mikubwa iliyosimama kwenye ardhi ya kijiji, mwendo kidogo kutoka Segese. Mashina yake yalikuwa yamenyooka, na Mzee Ngasa ndiye aliyeichagua zamani kuwa miti mama. Serikali ya kijiji ilikubali isiguswe. Mimi, kwa kuhofia mtu asije akakosea, nilikwenda na kopo la rangi nyeupe nikazungushia kila mti ulionyooka pete usawa wa kifua. Nilijiona mwerevu sana.

Msimu uliofuata nilipokwenda kuokota matunda nilikuta visiki. Utomvu wa mninga ni mwekundu, na ulikuwa umemwagika na kugandia kwenye visiki vyote. Pete zangu nyeupe zilikuwa zimeondoka na magogo. Mti mmoja tu ulikuwa umebaki, uliopinda, ambao sikuupaka rangi.

Haikuwa kazi kujua yalikokwenda. Ng'ambo ya korongo wachimbaji wadogo wa dhahabu walikuwa wamefungua duara, kama waitavyo shimo lao, na duara bila nguzo za mbao, matimba, hujifukia lenyewe. Nilikwenda hapohapo na viatu vyangu vya shambani na hasira yangu yote. Msimamizi wao alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mweupe kwa vumbi mpaka kope. Alinipa shikamoo. Sikumwitikia. Nilimwambia nimetoka wapi na amekata nini, na sauti yangu ilikuwa juu kiasi kwamba wenzake waliacha kuvuta kamba.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia, bila ubishi, kwamba wao waliona alama nyeupe wakajua miti hiyo imeruhusiwa. Watu wa misitu wakitaka mti ukatwe huutia alama. Kwa nini mtu apake rangi mti asiotaka ukatwe?

Nikajaribu lingine, nikamuuliza kwa nini hawakununua nguzo za milingoti, yaani mikaratusi, kama wenzao. Akasema waliwahi kununua. Milingoti michanga ikinyeshewa masika moja inaoza, na udongo wa pale ni mzito.

"Mama, mimi naitwa Doto," akasema. "Hujaniuliza Kulwa yuko wapi."

Aligeuka akatazama shimo jingine la zamani, lililofukiwa, lenye mawe yaliyopangwa juu yake. Pacha wake alikuwa humo. Hawakuweza kumtoa.

Nilikaa kwenye jiwe. Mtu mmoja akaniletea maji kwenye kikombe cha plastiki nikanywa. Hasira ilikuwa bado ipo, lakini haikuwa na pa kwenda. Tulizungumza kidogo, nikamweleza kwamba mininga ile ilikuwa na umri zaidi ya wa babu yake na kwamba sasa ukoo wake wote umebaki kwenye viriba vyangu Shinyanga. Akaniuliza kama ina hali nzuri. Nikamwambia, kwa juu, imekufa. Alinitazama kama wale wageni wa miwani ya jua. Aliniandikia namba yake ya simu kwenye kipande cha boksi, akasema nikihitaji mkono wa kazi nimpigie, nami nikaitia mfukoni kwa adabu tu.

Niliporudi nilimweleza Meneja kwamba miche ile sasa haina mbadala. Nilimweleza mara moja, nikiwa nimesimama mlangoni naye akiwa kwenye simu, nikaona inatosha. Hilo ni kosa langu na nataka mlijue. Sikuandika. Sikuweka hata kibao kwenye safu, kwa kuhofia kitageuzwa kiraka. Niliona jambo lenye uzito kiasi kile halihitaji kurudiwa.

Kiangazi kilichofuata mama mkwe wangu alifariki. Nilikwenda msibani, nikakaa wiki tatu. Niliporudi kitaluni, mahali pa safu ya mninga palikuwa na vyungu vya waridi vimepangwa kwa rangi: nyekundu, nyeupe, nyekundu, nyeupe.

Nilimkuta Meneja ofisini akiwa na furaha kweli. Aliniambia amesafisha. Miche iliyokufa ilikuwa inaharibu sura ya kitalu na maonyesho yalikuwa yamekaribia. Mkandarasi aliyeleta maua alikuwa anatafuta udongo mzuri wa bustani ya gesti moja huko Katoro, kwa hiyo amemruhusu avipakie viriba vyote kwenye lori lake. Ilikuwa kama kusaidiana.

Sikumbuki vyote nilivyomwambia. Nakumbuka yeye alivua miwani akaiweka mezani.

"Mama Minza," akasema, "nionyeshe jani moja tu, nikutetee. Jani moja. Kila mwaka wananiuliza, na mimi natetea udongo."

Sikuwa na jani. Mwezi wa nane hakuna mtu duniani mwenye jani la mche wa mninga. Nilichukua ndoo mbili, magunia na koleo dogo la mkono, nikaondoka kwa basi la kwenda Katoro bila kuomba ruhusa, kitu ambacho sikuwahi kukifanya na siwashauri mkifanye.

Gesti haikunipa shida kuipata, ndiyo pekee iliyokuwa na maua mbele. Mwenyewe ni Mama Imrani, mwanamke wa Kihindi wa familia iliyokuwa na duka la vitambaa Shinyanga mjini kabla ya kuhamia Katoro, Mwislamu, mtu wa kuamka alfajiri na kukagua mashuka mwenyewe. Nilimsalimu, nikamweleza kwamba ndani ya udongo wa maua yake kuna mizizi yangu. Akaniuliza mizizi ya dawa? Nikasema hapana, ya mninga. Akaenda akaangalia bustani, akarudi, akaniambia haoni kitu. Nikamwambia ndivyo ulivyo. Alifikiri kwa muda, nadhani akaona mwanamke wa umri wangu mwenye ndoo mbili hawezi kuleta madhara makubwa, akaniruhusu kwa sharti kwamba maua yake nitayarudisha kama nilivyoyakuta.

Nilipiga magoti kando ya ukuta nikaanza kufukua.

Ninyi mnaijua Katoro. Mtu akichimba shimo la choo, majirani husogea kuangalia rangi ya udongo. Sikuwa nimemaliza hata hatua moja nilipoona vivuli. Kwanza dereva wa bodaboda mmoja, kisha watatu, kisha sikuwahesabu tena. Mmoja aliniuliza kwa heshima kama naona dalili. Nikamjibu natafuta miti. Akawageukia wenzake akawaambia mama anasema anatafuta miti, na wote wakacheka kwa sauti ya watu waliokwisha kuelewa. Kila nilipofuta udongo kwenye mzizi, shingo zilinyooka. Kijana mmoja alichota konzi ya udongo wangu akaondoka nayo haraka. Baada ya nusu saa kulikuwa na mtu na karai upande wa pili wa ukuta, na Mama Imrani akatoka na ufunguo, akafunga geti, akaniambia kama dhahabu ipo nimwambie sasa hivi, kabla hawajang'oa nyumba.

Nilimwapia kwamba haipo. Kisha nikatazama nilichokuwa nimefukua. Mkandarasi alikuwa amechana viriba na kumwaga udongo kwenye mtaro mrefu, mizizi imelala ovyo, mingine mirefu kama mkono, na juu yake amepanda maua ambayo nayo yalikuwa yameshatia mizizi. Kila niliouvuta ulikatika. Mkono wangu umezoea viriba, haukuzoea kufuata kitu kinachojipinda chini ya ardhi ngumu bila kukivunja.

Ndipo nilipokumbuka kile kipande cha boksi. Kilikuwa bado kwenye mkoba.

Doto alifika kesho yake asubuhi, na wenzake wawili. Alinipa shikamoo, na safari hii nikaitikia. Hakuuliza kwa nini nimempigia yeye. Alilala kifudifudi kando ya mtaro, akatumia mtaimbo mfupi na vidole, akiondoa udongo pembeni kidogo kidogo, akiupuliza, akisimama, akibadilisha upande. Aliniambia ni kama kufuata mkanda wa mawe ya dhahabu, ukiwa na haraka unaupoteza. Wale wa nje ya geti walipomwona mchimbaji wa kweli amelala chini, ndipo walipoamini kabisa, na Mama Imrani ikabidi amwite mwenyekiti wa mtaa aje awatawanye. Mwenyekiti alikuja, naye akabaki akiangalia.

Tulifanya kazi siku nzima. Mizizi mingi ilikuwa imekatika au kuoza, na mingine ilikuwa imejibana chini ya msingi wa ukuta, Doto akasema tukiilazimisha tutaiua. Hiyo tuliiacha. Iliyokuwa mizima ilijaza ndoo zangu mbili, nikaifunga kwa magunia yaliyolowa. Tulirudisha maua ya watu mahali pake. Doto alinawa mikono kwenye bomba, akaniuliza nitaipanda wapi, nikamjibu mahali ambapo hakuna fomu. Alipoondoka nilimshukuru, na nikamwomba radhi kwa kutoitikia salamu yake kule Segese. Akasema hakuwa amelihesabu hilo.

Niliipanda hapa Samuye, kwenye ngitili ya upande wa mume wangu, ile sehemu ya malisho inayofungwa ili nyasi zipumzike. Shemeji yangu alilalamika kwamba nimeziba njia ya ng'ombe kwa ajili ya vijiti visivyoonekana. Nilimwambia angoje mvua. Mvua zilipokuja, zaidi ya nusu ilichipua, naye akanyamaza. Kiangazi kilipokuja ikakauka, akaanza tena. Tuliishi hivyo.

Ofisini niliandika taarifa yangu. Kwenye fomu nilichora kwa rula safu ya tatu, nikaandika juu yake "ipo chini ya ardhi". Ilirudishwa na maneno "tafadhali fafanua". Nilifafanua kurasa mbili, nikachora na picha. Haikujibiwa. Mwaka uliofuata fomu ilikuja ileile, safu mbili, nami nikachora ya tatu, na hivyo ndivyo tulivyoendelea mpaka nimeondoka. Rula nimewaachia kwenye droo.

Nilianza pia kuwaleta wanafunzi wa shule ya hapa kijijini kwenye ngitili, mara moja mvua zikiwepo na mara moja kiangazi, kuwaonyesha mahali palepale. Kiangazi tulifukua mzizi mmoja, wakaukwaruza kwa zamu, wakaona ubichi. Msichana mmoja wa darasa la tano aliniuliza kwa nini wale wakubwa wasije kuhesabu wakati wa mvua. Mwalimu wake alimkaripia kwa kuwasema wakubwa. Mimi nilimwomba alirudie swali lake, nikaliandika.

Mwaka wangu wa mwisho nilimwomba Meneja nafasi ndogo kwenye banda la maonyesho. Alikubali, nadhani kwa uchovu. Niliweka sanduku lenye upande mmoja wa kioo, ndani udongo, na mzizi wa mninga umeegemea kioo kuanzia juu hadi chini, mnene kama mkono wa mtoto. Juu ya udongo hapakuwa na kitu. Siku ya kwanza watu waliuliza kama ni sanduku la nyoka. Siku ya pili alikuja mgeni rasmi na msafara wake, akapita waridi, akasimama mbele ya sanduku, akauliza mti uko wapi. Nilifungua mdomo, lakini Meneja alikuwa ameshaanza. Aliinama akaweka kidole kwenye kioo, akaeleza kiangazi na mvua na miaka saba, taratibu, kama mtu aliyekuwa amesoma zile kurasa mbili zaidi ya mara moja. Alikosea jina la kitaalamu. Nilimwacha.

Hatukupata cheti mwaka huo.

Kwa hiyo ninyi mliobaki, miche ya Samuye ni yenu, iandikeni hata kama fomu haitaki. Njooni muione mwezi wa tisa, si wa pili. Mkasi wa kufungulia matunda hauhitaji kunolewa sana, ukiwa mkali kupita kiasi unakata na mbegu. Ule mninga uliopinda wa Segese bado upo na huzaa, na Doto atawapeleka. Usipakwe rangi na mtu yeyote.

Mimi nilidhani nimemaliza. Wiki mbili baada ya kuniaga, nilikuwa napepeta mchele uani simu ikaita. Alikuwa Mama Imrani, amekasirika, anaongea haraka. Anajenga vyumba vingine upande wa maua, fundi amekwisha kupiga kamba ya ukuta, na katikati ya kamba umesimama mti wangu. Nilimuuliza mti gani. Akasema mmoja wa ile tuliyoiacha chini ya msingi, ambao maji ya maua yamekuwa yakiufikia kila siku. Miaka yote ulikuwa unatoka na kufa, naye alishazoea, lakini kiangazi hiki haukufa. Umesimama, umempita kimo, na una majani. Fundi anataka kuukata, basi niende niuchukue kabla ya Jumatatu.

Nilikaa chini na ungo wangu. Nikamwambia mninga uliokwisha kusimama hauhamishiki, na kwamba kama anataka ushauri wangu, asogeze ukuta.

Nilisikia fundi akigonga kitu.

"Hatua ngapi?" akaniuliza.

Nikamwambia sita. Alimtajia fundi, na fundi nikamsikia akiguna, kisha kamba ikaanza kufunguliwa.